Disketi Zenye Rangi ya Josho

Doa lilikuwa dogo kama punje ya mtama, la rangi ya buluu, kwenye pembe ya disketi. Koplo Mukami aliligusa kwa ncha ya kidole. Lilikuwa limekauka. Akaigeuza disketi ya pili juu ya meza, nayo ilikuwa nalo, pembe ile ile. Akaigeuza ya tatu. Zote zilizokuwa pale mezani zilikuwa na doa, kama mbuzi wa mwenyewe mmoja.

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukalala juu ya mji wa Nyeri. Mabati ya nyumba za jirani yalionekana nusu, na sauti za watu barabarani zilisikika bila watu. Mahali fulani ndani ya weupe ule ng'ombe alilia mara moja akanyamaza.

"Hii rangi ni ya nini, madam?" Mukami aliuliza.

Watiri, meneja wa ushirika wa wafugaji wa Kieni, alijifunika shali vizuri mabegani. "Rangi gani? Aa, hizo vitu mimi sigusi. Mimi najua kitu moja tu. Ng'ombe zangu zimepotea."

"Zimepotea aje?"

"Zilikuwa hapa ndani." Watiri aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Kila ng'ombe ya kila mwanachama. Mama yake ni nani, baba yake ni nani, amezaa mara ngapi. Tulichukua miaka kuziandika. Sasa huyo kijana Mwai akakuja kutuwekea programu mpya ya kuziweka. Akaingiza disketi ya kwanza, akaingiza ya pili, mashine ikasimama. Tangu hapo, ukiita ng'ombe hata moja, haikuji."

Maneno yalikuwa bado kwenye kioo, ya kijani juu ya weusi. Yalikuwa ya Kiingereza. Mukami aliyasoma polepole, neno baada ya neno. Yalisema kwamba programu hii imeguswa, kwamba huenda ni virusi, na kwamba haitaendelea.

"Na nani alisema ni Mwai ameleta virusi?"

"Mimi," ilijibu sauti mlangoni.

Mzee aliyesimama pale alikuwa mrefu, amevaa koti refu la kaki lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Mukami alimjua kabla hajataja jina lake. Yeye hakumjua Mukami. Zamani zile Mukami alikuwa mtoto aliyesimama nyuma ya ua, na watoto wa nyuma ya ua ni wengi, nani anawakumbuka.

"Ngatia," mzee alisema. "Mkuu wa ulinzi. Nimekuwa afisa wa mifugo maisha yangu yote, kairitu, msichana wangu. Kizuizi cha ng'ombe wagonjwa barabara ya Doldol nilikilinda mimi. Majosho ya Endarasha, mimi. Nilipostaafu ushirika ukanipa mlango huu. Na mashine ilipokuja wakanipeleka Nairobi kusomea ile programu ya kuilinda. Mimi naiita Askari. Iko ndani ya mashine, inakaa macho. Mwaka mzima hatujapata ugonjwa. Kijana amekuja na disketi zake, siku hiyo hiyo mashine inasema virusi. Sasa wewe ungesema ni nani?"

"Mzee uliona akiingiza kitu kingine?"

"Sikuona. Lakini ng'ombe mgeni akiingia bomani na kesho boma likaanza kukohoa, unamuuliza nani?"

Mukami alizitazama tena zile disketi. Kila moja ilikuwa na kidirisha kidogo cha mraba karibu na lile doa, na kila kidirisha kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha plastiki kinachoteleza. Hakujua maana yake. Alichukua moja, akaitia kwenye bahasha, akaondoka.

*

Mwai alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, amejikunyata kama mtu aliyenyeshewa. Alikuwa kijana wa Kangari, mtoto wa wachuma majani chai, aliyesomea kompyuta Nairobi na kuajiriwa na kampuni iliyouza ile programu. Kesho asubuhi angefikishwa kortini kwa kosa la kuharibu mali ya ushirika makusudi. Inspekta Kahiga alikuwa ameshaandika mashtaka. Kilichobaki ni sahihi ya mpelelezi, na mpelelezi alikuwa Mukami.

"Uliwaambia nini?" Mukami alianza.

"Niliwaambia ukweli, madam. Sijui. Hiyo ndiyo shida. Mtu akisema hajui, wanaona anaficha." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Hiyo programu nimeiweka Thika, nimeiweka Embu, nimeiweka Karatina. Inaingia kama maziwa kwa chupa. Ikafika hapa ikanikataa."

Mukami aliitoa disketi kwenye bahasha. "Hii ni yako?"

"Ni yangu. Mwandiko wangu huo." Aliisogeza karibu na macho. "Lakini hii rangi si yangu. Na huu mlango..."

"Mlango gani?"

"Hiki kidirisha. Kikiwa wazi, disketi inasomwa tu. Hakuna mtu anaweza kuandika kitu ndani. Kikifungwa, inaandikika. Mimi huwa naacha wazi zote. Kila fundi anaacha wazi, madam, ndio disketi isichafuke."

"Hii imefungwa."

"Naona."

"Zote zimefungwa."

Mwai alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Mukami aingie, alikaa wima. "Basi mtu ameandika kitu ndani."

"Nani?"

"Sasa hiyo si kazi yangu, ni yako."

Mukami nusura atabasamu. "Na wewe ulikuwa na hizi peke yake?"

"Hizi ni watoto. Mama wako kwa mfuko wangu. Sisi hatutumii za kwanza, tunatoa nakala, tunatumia nakala. Za kwanza unaweka mbali. Siku hiyo nilitaka kujaribu tena na za kwanza, lakini askari wenu walikuwa wamefika, wakachukua mfuko." Akainamisha kichwa. "Madam, mama yangu akija kutoka Kangari, usimwache aje huku nyuma kwa seli. Mwambie anisubiri huko mbele. Hajawahi kuniona nikiwa hivi."

"Ulikunywa chai na Peterson, yule dalali wa mafahali. Watu walikuona."

"Alininunulia chai, nikakunywa. Kulikuwa na baridi."

"Alitaka nini?"

"Aliniuliza kama mashine inaweza kusahau fahali mmoja. Nikamwambia mashine haisahau, watu ndio wanasahau. Akacheka, akaagiza andazi."

*

Inspekta Kahiga alimpenda Peterson kama jibu la nani alimtuma Mwai. Peterson aliuza mafahali kwa hadithi. Kila fahali wake alikuwa mjukuu wa fahali fulani maarufu, na rejista ya ushirika ilikuwa ikimwaibisha hadharani kila mnada. Rejista ikifa, hadithi zake zingefufuka.

Mukami alimkuta mnadani, ameegemea ua, ukungu umemfika magotini kama amesimama ndani ya maziwa. Nyuma yake ng'ombe walikuwa vivuli tu, pembe huku, mgongo kule, wakitokea na kupotea.

"Koplo!" Peterson aliita. "Umekuja kununua ama kushika?"

"Inategemea na unachouza."

"Nauza ukweli. Hakuna mnunuzi." Alicheka mwenyewe. "Najua umekuja kwa sababu ya ile mashine. Skiza, mimi nisikudanganye. Niliposikia imekufa nililala kama mtoto. Lakini kuiua? Mimi hata redio nawashiwa na bibi yangu. Na hata ningejua, ningeingia na nini? Umeona yule mzee wa mlangoni?"

"Ngatia?"

"Ngatia! Mwaka jana nilipelekea madam Watiri kalenda. Kalenda, Koplo, ya ukuta, iko na picha ya fahali. Mzee akaichukua, akaigeuza kila ukurasa, akaipangusa, akaipiga rangi hapa pembeni, ndio ikaingia. Nikamwuliza, mzee, hata karatasi inaweza kuugua? Akaniambia hakuna kitu kinaingia bomani bila alama yake. Ati alama ya josho!"

"Rangi gani?"

"Si ile ya buluu. Ile tulikuwa tunapakiwa ng'ombe wetu wakitoka joshoni, ndio ijulikane huyu ameogeshwa. Nafikiri alistaafu na ndoo nzima."

Mukami alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ng'ombe mmoja mweupe alitokea ukunguni karibu na ua, akamtazama kwa macho makubwa yenye maji, akapumua moshi, akarudi ndani ya weupe mpaka hakubaki kitu cha kumtenganisha nao.

Nyumbani kwao Endarasha walikuwa na mweupe kama huyo. Walimwita Nyange, kama wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Alichukuliwa mwaka mmoja baada ya kuchanjwa, asubuhi yenye ukungu vilevile. Afisa mwenye koti la kaki alikuwa amepima damu yake akasema ana ugonjwa wa kutupa mimba, na wanaume wawili wakamfunga kamba. Mukami, mtoto wa darasa la pili, alisimama nyuma ya ua akiwa na sentensi moja mdomoni, fupi tu. Baba yake alikuwa amenyamaza, na mbele ya baba aliyenyamaza mtoto hasemi. Kamba ikavutwa, Nyange akaenda. Sentensi ilibaki pale pale mdomoni.

"Koplo? Umelala ukiwa umesimama?" Peterson aliuliza.

"Asante kwa kalenda," Mukami alisema.

*

"Naomba mfuko wa Mwai utoke stoo ya vielelezo, afande."

Inspekta Kahiga hakuinua macho. "Kielelezo hakitembei, Koplo."

"Kitatembea na mimi. Na Mwai mwenyewe pia, nampeleka ofisini kwa ushirika. Nataka kazi aliyofanya siku ile airudie mbele yangu."

Sasa Kahiga aliinua macho. "Mshukiwa arudi kwa mashine ambayo aliiharibu? Na disketi zake mkononi? Ikiharibika kabisa, nani atajibu?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Kahiga aliusukuma ufunguo wa stoo juu ya meza. "Sahihi yako naitaka leo kabla sijaenda nyumbani. Ukirudi mikono mitupu, utaweka sahihi bila neno."

"Ndiyo, afande."

Katika stoo, chini ya panga moja na redio mbili za wizi, mfuko wa Mwai ulikuwa umefungwa kamba. Mukami aliufungua akazitazama zile disketi za kwanza, moja baada ya nyingine, kwenye mwanga mdogo wa dirisha. Hazikuwa na doa lolote. Vidirisha vyote vilikuwa wazi, na kupitia kila kimoja aliona nje, tundu dogo la mraba lililojaa ukungu.

*

Mwai aliingia ofisini na pingu mikononi. Watiri aligeuza uso ukutani kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mzee Ngatia alisimama kando ya mashine, mikono nyuma.

"Mzee," Mukami alisema, "sijakuja kubishana. Nataka unifundishe. Tuseme mimi ni mgeni. Nimefika mlangoni na disketi. Niingize ofisini kwako vile unaingizanga watu."

"Disketi gani?"

Mukami alimfungua Mwai mkono mmoja. "Toa mtoto mmoja kwa mama," alimwambia. Mwai alichukua disketi mpya, akatoa nakala ya ile ya kwanza kabisa, kisha akakifungua kidirisha, akampa Mukami. Mukami akampa mzee, kwa mikono miwili.

Ngatia aliipokea hivyo hivyo, kwa mikono miwili. Aliipangusa kwa kitambaa safi alichokitoa mfukoni. Akakifunga kidirisha kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefunga jicho la mtoto aliyelala. Akaiingiza kwenye mashine, akabonyeza vitufe. Mashine ikavuma.

"Kwanza Askari anapima," alisema. "Anatafuta ugonjwa. Unaona? Hakuna. Ni nzima."

"Kwa hivyo inaingia."

"Bado. Nzima leo, kesho je? Sasa nachanja."

Mwai alifungua mdomo. Mukami alimgusa mkono, naye akafumba mdomo.

Mstari wa kijani ulitembea kwenye kioo, kushoto kwenda kulia, bila haraka. Mvua nyembamba ilianza nje, ile isiyosikika, inayoonekana tu kwa vioo kulia machozi. Mstari ulipofika mwisho, mzee aliitoa disketi, akafungua kichupa kutoka droo, akachovya njiti ya kiberiti, akatia doa la buluu pembeni. Akalipuliza likauke.

"Sasa imeingia bomani," alisema.

"Mzee," Watiri alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "hata za Mwai ulifanya hivyo?"

"Zote. Alikuwa ameenda kunywa chai. Nilizikuta mezani bila alama, nikasema, huyu kijana ana haraka, wacha nimsaidie."

"Na mbona hukutuambia?"

Ngatia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikifunga lango jioni, madam, nakuja kukuamsha nikuambie nimefunga?"

"Mzee wangu," Mwai alisema polepole, "hiyo chanjo inafanya nini hasa? Ndani ya programu?"

"Inaweka askari mdogo ndani ya kila moja. Kama dawa ndani ya damu. Ili siku virusi ikikuja, programu ijijue, iseme, hii si mimi."

"Inaweka. Yaani inaongeza."

"Inaongeza, ndiyo. Kitu kidogo tu."

Mwai alimtazama Mukami. "Madam, nikuonyeshe kitu?"

"Onyesha wote."

Mwai aliingiza disketi ya kwanza, ile isiyo na rangi, akaita orodha ya vilivyomo. Akaonyesha kwa kidole ukubwa wa programu. Kisha akaitoa, akaingiza ile iliyotoka kuchanjwa mbele yao, akaonyesha mahali pale pale.

"Jina ni moja," alisema. "Tarehe ni moja. Lakini hii imenenepa."

Watiri aliinama mpaka shali likagusa meza. "Kwa sababu ya virusi?"

"Hakuna virusi, madam. Kwa sababu ya chanjo. Sasa sikia. Waliotengeneza hii programu ni watu waoga. Wameiambia, kila ukiamka, jipime kwanza. Ukikuta umeongezeka hata kidogo, ujue umeguswa, usiendelee. Sasa imeamka hapa Nyeri, imejipima, imejikuta imenenepa. Ikasema huenda ni virusi. Ikasimama katikati ya kazi, ilikuwa imeshazitoa ng'ombe mahali pa zamani na haijaziweka mahali papya." Akapumua. "Askari wako ni mzuri, mzee. Programu yangu pia ni nzuri. Wamekutana mlangoni kila mmoja akadhani mwenzake ni mwizi."

Mzee Ngatia alikuwa akikitazama kichupa cha rangi mkononi mwake.

"Mzee," Mukami aliuliza, "ng'ombe akichanjwa ile ya kutupa mimba akiwa ameshakomaa, halafu baadaye ukampima damu, unaona nini?"

"Unaona ugonjwa," mzee alisema. "Kipimo hakijui kutofautisha. Ndiyo maana tunachanja ndama tu. Zamani kulikuwa na mwaka chanjo ilichelewa, watu wetu wakachanja hata wakubwa. Tukapima mwaka uliofuata, damu ikasema ni wagonjwa." Aliweka kichupa mezani bila sauti. "Tulikuja kuambiwa baadaye. Baadaye sana."

Mukami alikisogeza kichupa mbali na disketi.

"Kwa hivyo hii mashine," Ngatia alisema, "mimi nimeichanja ikiwa imekomaa, halafu nikaipima, halafu nikamwita polisi."

"Hujaharibu, mzee," Mwai alisema haraka. "Ng'ombe wako hapa ndani. Wako kati ya nyumba mbili tu, wamesimama mvuani. Nipe ruhusa niwaingize. Natumia disketi za mama, hazijachanjwa. Lakini lazima Askari alale kidogo. Akiwa macho, ataanza tena kuchanja kila kitu kinachoingia."

"Alale?" Kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ilipanda. "Unataka nifungue lango na nimfukuze askari? Na kama kuna ugonjwa kweli?"

"Umeona Askari mwenyewe amepima nakala akasema nzima," Mukami alisema. "Zile zingine apime zote sasa, mbele yako, vidirisha vikiwa wazi. Apime tu. Asichanje. Ukiridhika, ndio alale. Kazi ikiisha, wewe mwenyewe umwamshe."

"Na ikiharibika?"

"Nimeshamwambia Inspekta nitajibu mimi."

Ngatia aliivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti. Akakaa mbele ya mashine. Alipima kila disketi bila kuruka hata moja, akisoma kila neno kwa midomo. Kisha akabonyeza kitufe, akasubiri, akabonyeza kingine.

"Amelala," alisema, akainuka kumpisha kijana.

Mukami alimfungua Mwai mkono wa pili. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi kama ile akiwa na chuma kikining'inia. Mwai aliingiza disketi ya kwanza, halafu ya pili. Ile sehemu ambapo mashine ilikuwa imesimama siku ile ilifika, na Watiri akashika ukingo wa meza. Ikapita. Kijana aliendelea kulisha mashine, nayo ikaendelea kula, ikivuma sauti moja ya usingizi, na mvua ikaendelea kushuka bila kelele mpaka ikawa vigumu kujua kipi kinavuma, mashine au mlima.

Kisha kioo kikawa cheusi chote. Herufi za kijani zikaanza kutokea, mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi, zikipanda kutoka chini kama kundi linalotoka bondeni alfajiri, kila ng'ombe na jina lake, na mama yake, na baba yake.

"Ngai!" Watiri alisema. Aliketi akafunika uso kwa shali. Alipolitoa alikuwa anacheka. "Ita Kamoko ya Wamae. Ita! Ile ya pembe moja."

Mwai aliandika. Kamoko akaja.

Mukami alinyanyua simu. "Afande, ni Mukami. Sahihi yangu hutaipata. Hakuna kosa lililofanyika... Ndiyo, ng'ombe wako hapa, nawaona... Hapana, Peterson hahusiki. Nitaandika yote." Alipoweka simu, mzee Ngatia alikuwa amesimama mbele ya Mwai.

"Kijana, mimi ndiye nilisema wewe ni mgonjwa. Leo tunaenda pamoja kituoni, nikaseme kwa mdomo wangu wewe ni mzima. Na mama yako akifika, nitamwambia mimi, si mtu mwingine."

Mwai alimpa mzee mkono. Mzee aliushika kwa mikono yake miwili, pale pale pingu zilipokuwa zimeacha alama.

Ilikuwa wakati wa kuondoka. Watiri alikuwa ameshaenda kutafuta chai. Lakini Mukami alisimama bado mbele ya kioo.

"Kuna wa zamani humu?" aliuliza. "Waliokufa?"

"Wote," Mwai alisema. "Waliandika mpaka mabibi wa mabibi, ndio ukoo ujulikane."

"Ita Nyange. Wa Muriithi, Endarasha."

Kijana aliandika. Mashine ilifikiri kidogo. Kisha Nyange akaja, mstari mmoja wa kijani gizani. Mweupe. Amezaa mara mbili. Ameondolewa: mgonjwa.

Mzee Ngatia alisoma juu ya bega la Mukami. Alisoma mara ya pili.

"Muriithi wa kule juu karibu na josho," mzee alisema. "Mtu mpole. Hakubishana." Kisha akauliza, taratibu, "Muriithi ni nani wako?"

"Ni baba yangu."

Mvua ilikuwa imekatika. Mukami aligeuka akamtazama mzee usoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, lakini ilisikika chumba chote.

"Nyange hakuwa mgonjwa."